Tulipokosa Golikipa

Kidonda cha yule kijana kilikuwa mikononi mwangu, na mtu mwingine yeyote hakuruhusiwa kukitazama. Naanza na hilo kwa sababu wanangu, nilipowasimulia, waliuliza mbona hakuna mtu mzima aliyeingilia kati. Mtu mzima aliyewekwa hapo nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa.

Nilikuwa mtiri wake. Kwetu, kijana anapotahiriwa hupewa mwanamume aliyemtangulia kwa kisu. Huyo humshika mabega asubuhi ile, humwosha, humfunga majani, humfundisha adabu za wakubwa, na mwishowe hutamka kwamba amepona. Mtiri akisema umepona, umepona. Akisema bado, unakaa ndani. Mama yako haingii humo. Chakula anakiweka mlangoni na kurudi zake.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Serikali ilikuwa imetuhamisha kutoka mashambani mwetu ikatusonga katika kijiji kimoja nje ya Ruiru, nyumba zimebanana, handaki lenye miti iliyochongwa limetuzunguka, na homugadi, askari wenyeji wa serikali, wamesimama langoni. Baba wa yule kijana alikuwa kizuizini mbali, hatukujua wapi. Mama yake alibaki na huyo mwana mmoja. Ndiye aliyekuja kuniomba niwe mtiri, kwa sababu nilikuwa nimesoma sekondari miaka miwili na hakuwa na mwingine wa kumwomba. Alisema, "Nakupa huyu. Sina mwingine."

Nilikuwa pia kapteni wa timu ya vijana. Mpira ulikuwa mlango wetu wa pekee. Afisa wa maendeleo, mzungu kijana aliyependa kupuliza filimbi, alituruhusu kutoka kijijini kwa lori kwenda kucheza, mradi tuwe kumi na mmoja. Tukiwa kumi, lori haliji. Alisema hakuja Afrika kusafirisha timu zisizotimia. Na mechi ya Mwaka Mpya ilikuwa Thika, dhidi ya vijana wa kiwanda kimoja, na nyapara mkuu wa kiwanda hicho alijulikana kwa kuwapa kazi wachezaji waliompendeza. Nilikuwa nimechoka kulima barabara za serikali bila malipo huku nikijua aljebra. Niliitaka kazi ile kuliko nilivyoutaka ushindi.

Siku chache kabla ya mechi kukawa na msako, na golikipa wetu akachukuliwa pamoja na wengine, wakapandishwa gari lenye wavu. Hatukumwona tena mpaka uhuru ulipokaribia. Tukabaki kumi.

Kulikuwa na mtu wa kutuokoa. Katika nyumba za reli pale stesheni ya Ruiru aliishi kijana Mjaluo, mtoto wa fundi wa reli, rika langu, mwenye ndevu tayari. Alikuwa akidaka mpira kama mtu anayepokea mtoto mchanga, bila kelele. Alikuja mwenyewe uwanjani, akasimama nje ya mstari mpaka tulipopumzika.

"Nasikia hamna kipa," akasema.

"Nani kakuambia?"

"Naona kwa macho. Mnapiga mpira kwenye goli tupu halafu mnashangilia. Nipeni hilo goli."

Winga wetu wa kushoto, kijana mwembamba aliyekuwa na ulimi kuliko miguu, akatema mate. "Wewe? Kihii? Nenda kwanza kwa kisu, halafu uje uongee na wanaume."

Kihii ni asiyetahiriwa, na kwetu anaweza kuwa na ndevu mpaka kifuani akabaki mtoto.

"Kwetu tunang'olewa meno sita," akasema yule kijana wa reli. "Bila dawa. Njoo uhesabu pengo."

"Pengo la mdomo halimfanyi mtu mume."

"Sasa huko Thika mpira unadakwa kwa nini, bwana? Kwa mikono, ama kwa hiyo mnayojivunia?"

Tulicheka wote, hata winga. Kisha wakanitazama mimi, na kicheko kikaisha. Najua nilichokifikiria, kwa sababu nimekifikiria mara nyingi tangu hapo. Nilifikiri kwamba tutavua nguo pamoja naye kando ya lori. Kwamba tutakula sahani moja. Kwamba vijana wa Thika, ambao nao ni Wakikuyu kama sisi, watasema wanaume wa Ruiru wamekwisha mpaka wanalindwa na mtoto. Na kwamba nyapara wa kiwanda atasikia.

"Asante," nikamwambia. "Tunaye mtu."

"Mnaye nani?"

"Tunaye."

Akainua mabega. "Haya. Mkibadili mawazo, mimi siombi pasi ya kutembea kwa homugadi. Nitakuja kwa miguu."

Sikuwa na mtu. Ila nilipokuwa nikitembea kurudi nyumbani nilikumbuka kwamba yule kijana wangu, kabla ya kuingia jandoni, alikuwa akidaka vizuri mpira wa matambara nyuma ya nyumba yao. Alikuwa amekatwa wiki mbili tu zilizopita. Lakini alikuwa ameshakuwa mwanamume, na hilo ndilo tulilolihitaji. Ndivyo tulivyoona sisi, timu nzima, wala hakuna aliyenipinga: afadhali mwanamume mwenye kidonda kuliko kihii mzima.

Nilimkuta amelala chali katika chumba cha nyuma, miguu ameitenganisha, anatazama nyasi za paa. Alikaa haraka aliponiona.

"Kinauma?" nikauliza.

"Hapana, mtiri."

Angejibu nini? Wiki ya kwanza nilikuwa nimemfundisha kwamba neno "kinauma" ni la wanawake, na nilimfundisha kwa fimbo.

"Simama. Tembea mpaka ukutani urudi."

Akatembea. Alijitahidi kuifunga miguu akiwa ananipa mgongo, na aliporudi uso wake ulikuwa umelowa.

"Keshokutwa utadaka Thika."

"Mtiri, bado kinatoka maji."

"Nimekuuliza?"

"Hapana."

"Golini hakuna kukimbia. Unasimama tu."

"Na mpira ukija chini?"

"Unalala chini. Au unaogopa? Sema sasa, nikamwite kihii wa reli akusaidie."

"Siogopi," akasema. Na kweli nadhani hakuogopa. Alikuwa na furaha. Nililiona hilo na nikalitumia.

Mama yake alinisimamisha njiani jioni hiyo akiwa na kuni mgongoni. Hakuzitua.

"Nasikia unamtoa. Amepona?"

"Amepona, mama."

"Mapema hivi? Wa nyumba ya pili walikatwa siku moja na yeye, na bado hawaonekani."

"Mama, hayo ni ya wanaume."

"Najua. Ningeuliza baba yake, lakini..."

"Baba yake hayupo," nikasema. "Niko mimi."

Akainamisha kichwa chini ya ule mzigo. "Sawa. Wewe ndiye unayeona, mimi sioni."

Uwanja wa Thika ulikuwa karibu na mahali ambapo ng'ombe wa kuchinjwa walisubiri kabla ya kupelekwa machinjioni. Siku za kazi walifungwa pale pale uwanjani, na waliopenda kivuli walisimama chini ya mti ulio nyuma ya goli la upande wa mto. Sisi tulipewa goli hilo kipindi cha pili. Ardhi yake ilikuwa nyeusi na laini, mavi yamekanyagwa na udongo mpaka huwezi kujua kipi ni kipi. Hakuna aliyejali. Tulicheza peku siku zote katika mavi ya ng'ombe.

Watazamaji wa Thika walimwona kijana wangu tangu alipoteremka kwenye lori.

"Kipa wenu anatembea kama bata!"

"Mwacheni, ana yai."

"Ametoka jando leo asubuhi huyo. Mpeni kanga ajifunge."

Winga wetu aliwajibu kwamba bata wa Ruiru anadaka kuliko jogoo wa Thika, wakacheka, na kijana wangu naye akacheka. Alisimama katikati ya milingoti miwili, mikono mbele, mwembamba katika kaptura niliyomwazima. Kipindi cha kwanza mipira miwili tu ilimfikia, yote ya juu. Niliwaambia mabeki wasiruhusu kitu chini. Nalitaja hilo nisije nikaonekana sikujua. Nilijua.

Tulifunga bao mapema kipindi cha pili. Baada ya hapo Thika walitubana, na karibu na mwisho fowadi wao, mtu mnene mwenye mguu mzito, akapata nafasi akiwa peke yake. Alipiga chini, upande wa kulia. Kijana wangu alijitupa. Hakuanguka kwa hadhari kama mtu anayelinda mwili wake. Alijitupa mzima mzima, kwa tumbo, akateleza katika ule udongo kama samaki, akausukuma mpira kwa ncha za vidole ukatoka nje.

Aliinuka polepole, akishika mlingoti. Mbele ya kaptura kulikuwa na udongo mweusi na damu.

Nilikuwa hatua chache tu kutoka alipokuwa. Wenzangu walinitazama. Refa alinitazama. Ningeweza kusema mchezaji ameumia, tukamaliza tukiwa kumi, bao letu likiwa mkononi au limepotea. Upande wa pili wa uwanja nyapara wa kiwanda alikuwa amesimama juu ya kiti kuona vizuri.

"Simama sawasawa," nikamwambia. "Ni kona."

Akasimama sawasawa. Kona ikapigwa, akaurukia mpira, akaudaka.

Tulishinda. Nyapara alikuja kunishika mkono. Alikuwa mtu mrefu wa Murang'a, amevaa koti la khaki.

"Yule kipa nani alimchagua?"

"Mimi."

"Anachuruzika damu, na hakutoka."

"Ndiyo."

"Unajua kuchagua watu. Njoo Jumatatu."

Nilirudi Ruiru juu ya lori nikiimba. Kijana wangu alikaa sakafuni katikati ya miguu yetu, na kila mtu alimgonga kichwani kwa mapenzi. Tulipofika, kipenga cha kuingia ndani kilikuwa karibu kupigwa, nami nilitaka kwenda kumweleza baba yangu habari ya kazi. Nilimrudisha kijana wangu chumba cha nyuma, akae mpaka wenzake watoke, nikamwonyesha debe la maji.

"Jioshe mwenyewe leo. Wewe ni mwanamume."

"Majani yamekwisha, mtiri."

"Funga hayo hayo. Kesho nitakuletea."

Kesho sikuleta. Kesho yake nilikuwa naazima shati. Jumatatu nilikwenda Thika, nikaandikwa kazi ya karani wa stoo, na siku zilizofuata niliondoka alfajiri na kurudi jua likizama. Nilikuwa nikipita pale mlangoni tu na kuuliza kwa nje, "Vipi?" Naye anajibu, "Vyema, mtiri." Kidonda sikukitazama. Nilidhani kinajiponya, maana changu kilijiponya.

Wiki iliyofuata niliuliza "Vipi?" na sikujibiwa.

Niliingia. Alikuwa amekaa ameegemea ukuta, uso kwangu, na alikuwa akitabasamu. Midomo ilikuwa imevutwa nyuma, meno yote nje, na nyusi zimepanda kama za mtu aliyesikia kichekesho. Nikamwamkia tena. Alinitazama tu, meno nje.

Mwari wa jando hanyamazi mbele ya mtiri wake. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza. Nilifikiri sifa za Thika zimemlevya. Vijana walikuwa wamemtungia nyimbo, na nilikuwa nimesikia pia wakisema kwamba kapteni amepata kazi kwa damu ya mwenzake. Nilidhani ananicheka kwa hilo.

"Unacheka nini?"

Akatoa sauti katikati ya meno. Hakufungua mdomo.

"Nakuuliza, unacheka nini?"

Nilimpiga kofi. Shingo yake haikugeuka. Ilikuwa kama kupiga nguzo. Hata hapo sikuelewa. Niliona ukaidi, na ndani ya ukaidi nikaona ushujaa, na nikakasirika zaidi kwamba ushujaa niliomfundisha mwenyewe anautumia juu yangu.

Mlangoni kulikuwa na kibuyu cha uji na sahani ya viazi. Nikamwekea mbele. Hakula.

"Hutaki? Basi."

Nikala mimi. Mtiri ana haki ya kula chakula cha mwari mwenye kiburi, na nilikuwa nimetoka kazini na njaa. Nilikula mbele yake, naye akaniangalia akitabasamu, mate yakimtoka pembeni. Nikamrudishia mama yake vyombo.

"Amekula?" akauliza.

"Amekula."

"Vyote?"

"Ona mwenyewe."

Akatazama sahani tupu, akafurahi. "Mungu ni mwema. Jana aliacha."

Kesho yake ilikuwa hivyo hivyo. Nilimwambia kwamba nitakula chakula chake mpaka atakaponiomba radhi, na nikakila. Mama yake akanipa shukrani ya pili.

Siku ya tatu ilikuwa Jumapili, sikwenda kazini. Niliingia asubuhi nikamkuta sakafuni amepinda kama upinde, visigino na kisogo tu vimegusa chini. Nilipoangusha fimbo yangu, kwa ule mlio mdogo tu mwili wote ulikazika ukatetemeka. Uso bado ulikuwa unacheka. Hapo ndipo nilipofungua yale majani. Sitaeleza nilichoona. Majani yalikuwa yale yale ya siku ya Thika.

Tulimbeba kwa blanketi mpaka zahanati, mimi na winga na wengine wawili. Mama yake aliona tunatoka naye, akaacha mtungi wake kisimani akakimbia kutufuata. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona mwanawe kwa karibu tangu asubuhi ya kisu. Alimtazama usoni akiwa anakimbia kando yetu.

"Mbona anacheka?" akasema. "Mwanangu, nini kinakuchekesha?"

Tukaongeza mwendo. Dresa wa zahanati alitazama mara moja akasema ni pepopunda, apelekwe hospitali ya Thika upesi. Akaniuliza ameanza lini kukaza taya.

"Leo," nikasema.

"Leo? Hii si ya leo. Huyu hajafungua mdomo siku mbili, tatu."

Mama alikuwa amesimama pale. Alinigeukia, akanitazama muda mrefu. Nilijua ameshapiga hesabu ya zile sahani.

Kijana wangu alifariki Thika kesho yake mchana, nikiwa stoo, mwendo mfupi tu kutoka hospitali. Sikwenda kumwona. Nilikuwa mgeni kazini, niliogopa kuomba ruhusa.

Yule kijana wa reli alihudhuria maziko, akiwa nyuma kabisa. Baadaye alinisogelea.

"Huyu ndiye mtu mliyekuwa naye?" akaniuliza.

"Ndiye."

"Mlitaka mwanamume."

"Alikuwa."

Alinitazama kama mtu anayetafuta tusi akakosa linalotosha. "Ningedaka bure," akasema, akaondoka. Hatukuongea tena.

Mama hakunisema kwa mtu. Nilingoja. Nilidhani atapiga kelele mbele ya wazee, atakuja kazini, atanilaani hadharani, na nilikuwa nimeandaa maneno ya kujitetea, mengi, mazuri, ya mtu aliyesoma. Hakuja. Tukikutana njiani alinisalimu kama zamani, "Habari, mtiri," kwa jina lile lile ambalo mwanawe aliniita, na kuendelea na safari yake.

Baba wa kijana wangu aliachiliwa baada ya miaka michache, tulipokuwa tumeanza kurudi mashambani. Alikuwa amekonda na sikio moja halisikii. Wiki ya pili tangu arudi aliniita kwake. Nilikwenda nikiwa nimeamua kwamba mama amemwambia, na kwamba nitakubali yote. Naapa nilikuwa nimeamua.

Nilimkuta nje, amesimama na beberu mweusi amemshika kamba. Mama alikuwa mlangoni akichambua maharagwe.

"Mtiri hupewa chake na baba wa mtoto," akasema yule mzee. "Mimi sikuwapo. Mtoto hakupona, lakini hilo ni la Mungu. Kazi yako uliifanya. Huyu mama ananiambia hukumwacha. Kila siku ulikuwa unakwenda kwake."

Nilimtazama mama. Alikuwa anachambua maharagwe, mabaya anatupa, mazuri anaweka.

"Ni kweli?" mzee akauliza, akinigeuzia sikio zima.

"Ni kweli," nikasema.

"Na alikuwa anakula?"

Mikono ya mama ikasimama. Aliinua uso. Sijui kama alimtuma mumewe aulize hivyo, na sikupata kujua. Alikuwa amenipa nafasi, na mumewe amesimama pale akingoja, na ningeweza kusema hapana. Neno lile moja lingetosha, mengine yangefuata yenyewe.

"Alikuwa anakula vizuri, baba," nikasema.

Mzee akatikisa kichwa, macho yamelowa, akanyoosha mkono na kunipa kamba. Niliipokea. Mama akarudi kwenye maharagwe yake. Nilimvuta beberu mpaka nyumbani, tukamchinja Jumamosi, na wenzangu wa kiwandani wakaja kula.